Vita vya Siku 20: Kutoka Eidsvoll Hadi Moss

Siku ya 1, 7 Agosti. Oslo

Safari hii ilianza na swali la darasani. Mwaka jana nilikuwa nafundisha kidato cha nne habari za Muungano wa Aprili 1964. Picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo ilikuwa imebandikwa ubaoni, na kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kuna nchi nyingine mbili jirani zilizoungana, ile dhaifu ikabaki na chake?" Nikataja Uskoti na Uingereza harakaharaka, kengele ikalia. Nilirudi nyumbani Unguja Mjini bila raha, maana nilijua sijamjibu.

Dada yangu anaishi Moss, Norwei, kaolewa huko miaka mingi. Nilipomsimulia kwa simu, mumewe akadaka simu. "Shemeji," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani, "njoo Agosti. Nitakuonyesha vita vya siku 20 vilivyozaa muungano wa miaka 91."

Basi nimekuja. Dada kanipokea uwanja wa ndege na koti la ziada mkononi, na kabla ya kwenda kwake Moss tumepita katikati ya mji. Barabara kuu ya Oslo inapanda polepole hadi kwenye kasri la mfalme, na mbele ya kasri kuna sanamu ya shaba ya mtu juu ya farasi. Ni Karl Johan. Barabara ina jina lake. Msingi wa sanamu una kaulimbiu yake, kwamba upendo wa watu ndio malipo yake.

Nimesimama pale muda mrefu, kwa sababu mtu huyu ndiye aliyeivamia Norwei kwa jeshi mwaka 1814.

Hakuwa Mswidi wala Mnorwei. Alizaliwa Pau, Ufaransa, mwaka 1763, jina lake Jean-Baptiste Bernadotte, akapanda ngazi za jeshi hadi kuwa mmoja wa majemadari wakuu wa Napoleon. Waswidi walikuwa na mfalme mzee asiye na mtoto, Karl XIII, na jeraha bichi: mwaka 1809 Urusi ilikuwa imewanyang'anya Ufini. Mwaka 1810 wakamchagua Mfaransa huyu awe mrithi wa ufalme, wakitumaini atairudisha Ufini. Yeye akatazama upande wa pili, magharibi, akaiona Norwei. Akamgeuka Napoleon, akajiunga na maadui zake, na malipo aliyoahidiwa yalikuwa nchi hiyo.

Norwei wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na ilikuwa imefungamana na Denmark kwa zaidi ya miaka 400. Denmark ilikuwa upande wa Napoleon, upande ulioshindwa. Tarehe 14 Januari 1814, mjini Kiel, mjumbe wa Mfalme Frederik VI wa Denmark akatia saini kuikabidhi Norwei kwa mfalme wa Uswidi. Aisilandi, Visiwa vya Faroe na Grinilandi zikabaki Denmark. Wanorwei wenyewe hawakuulizwa. Nchi ilihamishwa kama hati ya shamba inavyohamishwa, na wakulima wamo humo humo shambani.

Siku ya 2, 8 Agosti. Eidsvoll

Treni inapita uwanja wa ndege wa Gardermoen, kisha unashuka kituo cha Eidsvoll Verk na kutembea. Nyumba ni kubwa, ya mbao, yenye bustani na mto. Mwenyewe alikuwa Carsten Anker, tajiri wa kiwanda cha chuma, na nyumba ilikuwa makazi yake tu. Historia ndiyo iliyobisha hodi.

Habari za Kiel zilipofika, aliyekuwa akiitawala Norwei kwa niaba ya mfalme alikuwa mwanamfalme wa Denmark, Christian Frederik, kijana wa miaka 27. Hakukubali. Alitaka ajitangaze mfalme wa Norwei kwa haki ya damu. Tarehe 16 Februari akawaita watu wazito hapa Eidsvoll, na Profesa Georg Sverdrup akamweleza usoni kwamba haki yake ya taji haizidi ya Sverdrup mwenyewe: mfalme akishaikana nchi, mamlaka yanarudi kwa watu. Mwanamfalme akasikiliza. Nimelirudia jambo hili kichwani siku nzima, maana angeweza kumtia ndani profesa yule, na leo tusingekuwa na la kusimulia.

Watu wakakusanyika makanisani, wakala kiapo cha kulinda uhuru wa nchi, wakachagua wajumbe. Waliokuja Eidsvoll mwezi Aprili walikuwa 112: maofisa wa serikali, wafanyabiashara, wakulima, wanajeshi. Mikoa ya kaskazini kabisa haikuwakilishwa, kwa kuwa umbali haukuruhusu wajumbe kufika kwa wakati. Mdogo kuliko wote alikuwa mwanamaji wa miaka 17, Thomas Konow. Huyo ndiye aliyekuja kuwa wa mwisho wao kufariki, mwaka 1881. Nimewaza wanafunzi wangu. Wengi wao wana umri huo.

Tulipanda ghorofani hadi ukumbi walimokaa. Chumba ni kidogo kuliko nilivyodhani. Mabenchi yamebanana, na unaweza kumwona mwenzako akipumua. Dada alikaa kimya, kisha akasema, "Humu ndani ukimtukana mtu, anakusikia hata ukinong'ona." Na kweli walikuwa makundi mawili. Moja lilitaka uhuru kamili. Christian Magnus Falsen, ambaye Wanorwei wanamwita baba wa katiba, alikuwa mbele yao. La pili, likiongozwa na kabaila Herman Wedel Jarlsberg, liliona kwamba nchi yenye njaa, isiyo na fedha wala rafiki, haiwezi kusimama, na kwamba heri kuungana na Uswidi kwa masharti mema. Wengine waliwaona kundi hili karibu na wasaliti. Mimi nimetoka mle nikiamini kila kundi lilishika nusu ya ukweli, na siku 20 za vita ndizo zilizoziunganisha nusu hizo.

Njaa haikuwa maneno ya jukwaani. Tangu 1807 Waingereza walikuwa wakiifunga bahari, na nafaka iliyozoea kutoka Denmark ikawa haba. Mavuno nayo yaliharibika. Watu walisaga magome ya miti wakachanganya na unga. Mle ndani wajumbe walikuwa wakijadili mgawanyo wa madaraka, na nje kuna waliokuwa wakimenya miti.

Katika wiki sita walimaliza. Tarehe 17 Mei 1814 katiba ilikamilika, na siku hiyohiyo wakamchagua Christian Frederik kuwa mfalme. Tarehe 20 Mei, siku ya kuagana, walishikana mikono wakaapa kuwa wamoja na waaminifu mpaka Dovre ianguke. Dovre ni milima. Kwetu tungesema mpaka bahari ikauke.

Sharti niandike na hili, kwa kuwa nimelisoma palepale na limenichoma. Ibara ya pili ya katiba hiyohiyo iliyosifiwa kwa uhuru iliwapiga Wayahudi marufuku kuingia nchini. Ilichukua hadi 1851 kifungu hicho kufutwa, na aliyekipigania kwa nguvu zote alikuwa mshairi Henrik Wergeland, mtoto wa mmoja wa wale 112. Baba alikuwemo katika kukitunga, mwana akautoa ujana wake kukifuta, akafa mwaka 1845 kabla hajauona ushindi.

Siku ya 3, 9 Agosti. Hvaler

Leo shemeji ametupeleka visiwani. Unapita Fredrikstad, kisiwa cha Kråkerøy, madaraja, halafu njia inazama chini ya bahari na kuibuka upande wa pili. Miamba ya huku ni ya graniti, rangi yake inakaribia waridi, imelambwa na barafu ya zamani hadi ikawa laini kama mgongo wa nyangumi. Nimevua viatu nikatembea juu yake. Nimelelewa kisiwani, lakini huku hakuna mchanga wala mikoko. Jiwe linaingia baharini bila kuaga.

Hapa ndipo vita vilipoanza, 26 Julai 1814. Manowari za Waswidi zilikuja Hvaler, na mashua za mizinga za Norwei, chache na dhaifu, zikajiondoa bila kupigana. Admirali Fasting alilaumiwa kwa hilo. Shemeji anasema tangu shuleni alifundishwa kuona aibu juu ya siku hiyo. Mimi simlaumu. Tatizo lake lilianza miaka saba nyuma: mwaka 1807 Waingereza waliipiga Copenhagen na kuondoka na karibu manowari zote za Denmark na Norwei. Admirali alibaki na mashua.

Nikamwambia shemeji, sisi Wazanzibari vita vifupi tunavijua. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga kasri la Sultani pale Forodhani, na kabla ya saa moja kuisha kila kitu kilikuwa kimekwisha: Beit al-Hukum kifusi, Sayyid Khalid bin Barghash kakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, mamia ya watu wamekufa au wamejeruhiwa. Hakuna aliyekaa na Wazanzibari mezani jioni ile kuwauliza masharti. Shemeji alizima gari, akaniomba nirudie kwa utaratibu, naye akamweleza mama yake aliyekuwa kiti cha mbele. Yule mama akageuka akanishika mkono, hakusema kitu.

Tumekula kamba wa kuchemsha juu ya miamba, na mkate, na ndimu. Baridi ya jioni ikatufukuza.

Siku ya 4, 10 Agosti. Fredrikstad

Mji mkongwe uko ng'ambo ya mto Glomma, ndani ya boma lenye umbo la nyota, handaki la maji pande zote. Unavuka kwa pantoni, bure, dakika chache tu. Ndani kuna mawe barabarani, maduka ya vikombe, watoto wanapanda mizinga kama farasi.

Ngome hii haikudumu. Waswidi waliteremka Kråkerøy, wakaweka mizinga ng'ambo, wakaupiga mji, na tarehe 4 Agosti Fredrikstad ikasalimu amri. Siku ya kumi ya vita, mlango mkuu wa kusini ukawa wazi.

Jeshi la Uswidi lilikuwa na watu takribani 45,000, wengi wao wametoka kupigana Ujerumani na walijua kazi. Norwei ilikuwa na takribani 30,000, baruti kidogo, chakula kidogo zaidi. Karl Johan alijua hesabu hizo. Christian Frederik naye alizijua. Ndiyo maana kuna wanaosema mfalme yule kijana hakupigana ili ashinde, alipigana ili asije kuambiwa kwamba nchi ilijitoa yenyewe. Sijui kama askari aliyelala kwenye tope angeikubali sababu hiyo. Lakini kila ninapokwenda naona matokeo yake.

Siku ya 5, 11 Agosti. Moss

Mvua kutwa. Dada kapika wali wa nazi, nazi ya kopo. Magharibi huku Agosti inaingia karibu saa tatu na nusu usiku, na mpaka uiswali Isha unasinzia.

Nyumba ya dada iko karibu na maporomoko ya mto, na chini yake ipo ile nyumba ulimotiwa saini mkataba wa Moss, uliomaliza vita. Tumeipita kila siku na gari. Kila nikitaka kushuka dada ananizuia: "Hapo siku ya mwisho, mdogo wangu. Tarehe 14."

Siku ya 6, 12 Agosti. Halden

Ngome ya Fredriksten imekaa juu ya mji wa Halden, na kupanda kwake magoti yanalia. Ukifika juu unaelewa. Unaona mji, ghuba, na misitu ya Uswidi, yote kwa mtazamo mmoja.

Waswidi wana deni la kale na mahali hapa. Mwaka 1716 mfalme wao Karl XII aliingia mjini, na wenyeji wakauchoma mji wao kwa mikono yao asipate pa kukaa. Akarudi 1718, na jioni moja akiwa ndani ya mahandaki chini ya ngome hii akapigwa risasi ya kichwa akafa. Mpaka leo watu wanabishana kama risasi ilitoka ngomeni au kwa watu wake. Karibu miaka 100 baadaye Karl Johan aliizingira ngome hiyohiyo, akaipiga mizinga, lakini mlango haukufunguliwa. Waswidi waliingia baada ya mkataba wa Moss, kwa karatasi.

Mchana tumeshuka Svinesund, mpakani. Madaraja mawili, la zamani la 1946 na jipya la 2005 lenye upinde mmoja wa zege. Mpaka wenyewe ni kibao. Magari ya Wanorwei yamepanga foleni kwenda Uswidi kununua nyama, peremende na sigara kwa bei nafuu, na sisi tulikuwa mojawapo. Dada ana orodha yake. Nilipokuwa nasukuma kigari dukani nikawaza vijana waliokufa kwa ajili ya mstari huu, nikashindwa kusukuma kwa muda.

Siku ya 7, 13 Agosti. Langnes, Matrand, Morokulien

Siku ndefu, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Shemeji kaendesha toka asubuhi kuufuata Glomma kuelekea kaskazini.

Langnes, karibu na Askim, mto ni mpana na mzito. Wanorwei walikuwa na daraja la mashua hapa, na boma la udongo la kulilinda. Tarehe 9 Agosti Waswidi walishambulia kwenye mvua na tope, wakarudishwa. Aliyewaongoza watetezi alikuwa Kanali Diderik Hegermann, mmoja wa wale 112 wa Eidsvoll. Mei alikuwa amekaa benchi moja na wenzake kuandika sheria, Agosti amesimama topeni kuitetea. Baadaye Wanorwei walivuka kurudi upande wa magharibi, kwa sababu huko kusini Waswidi walikuwa wakizidi kusonga mbele na kulikuwa na hatari ya kuzungukwa.

Kuna mashairi tunayofundisha watoto juu ya mashujaa, na sijawahi kuona shairi la mtu wa namna ya Hegermann, wa kalamu na bunduki kwa msimu mmoja. Ningepewa nafasi ya kujenga sanamu moja katika safari hii, ningeijenga pale Langnes, yake.

Kutoka hapo hadi Kongsvinger ni misitu na mashamba ya shayiri. Huku mashariki hadithi ilikuwa tofauti na ya pwani. Luteni Kanali Andreas Samuel Krebs aliwapiga Waswidi wa Jenerali Gahn pale Lier tarehe 2 Agosti, kisha Matrand tarehe 5, akawarudisha hadi Eda, kwao. Siku moja tu baada ya Fredrikstad kusalimu amri! Habari mbili zikipishana njiani, moja ya kushindwa, moja ya kushinda. Ushindi wa Matrand haukubadili mwendo wa vita. Ulibadili kitu kingine: ulimwonyesha Karl Johan kwamba kuimaliza Norwei kutamgharimu, na msimu wa baridi hauko mbali.

Shemeji akaendelea hadi mpakani, Morokulien. Kuna mnara wa amani wa graniti, mita 18, umesimama nusu Norwei nusu Uswidi. Ulizinduliwa Agosti 1914, kuadhimisha miaka 100 bila vita baina ya majirani hawa. Agosti 1914! Ulaya nzima ndiyo kwanza inawaka moto, na hapa msituni watu wanazindua mnara wa amani. Maandishi yake yanasema kwamba tangu sasa vita baina ya ndugu wa Skandinavia haviwezekani. Hadi leo maneno hayo hayajaaibika.

Tumekaa chini ya mnara tukinywa kahawa ya chupa, na mama mkwe wa dada akatoa mkate wa vafu na jibini ya kahawia. Ni yeye aliyenieleza, dada akitafsiri, jinsi muungano ulivyokwisha. Nchi mbili, mfalme mmoja. Kila moja na bunge lake, serikali yake, sheria zake. Mambo ya nje yakashikwa na Uswidi. Tangu 1844 bendera ya Norwei ikawekewa pembeni alama ya muungano, rangi zote zimechanganywa, na Wanorwei wakaiita saladi ya samaki heringi. Merikebu za biashara za Norwei zilikuwa nyingi, zimetapakaa bandari za dunia, na Wanorwei wakataka mabalozi wadogo wao wenyewe wa kuwahudumia mabaharia wao. Mfalme Oscar II akakataa kuitia saini sheria hiyo. Tarehe 7 Juni 1905 Bunge likatangaza muungano umevunjika.

Majeshi yalisogezwa mpakani. Watu waliogopa. Wanorwei wakapiga kura ya maoni Agosti 1905: 368,208 walitaka kutoka, 184 wakakataa. Wanawake hawakuwa na haki ya kura, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakakusanya saini zao wenyewe, zaidi ya 200,000. Mama aliitamka idadi hiyo polepole kwa Kinorwei, kisha akairudia. Mazungumzo yakafanyika Karlstad, Uswidi, wakakubaliana kubomoa ngome za mpakani na kuweka eneo lisilo na jeshi. Oktoba mfalme akaachia taji la Norwei. Hakuna aliyepigwa risasi.

Nikauliza, iliwezekanaje? Shemeji akanyoosha kidole kuelekea kusini. "Kesho," akasema. "Jibu liko Moss."

Siku ya 8, 14 Agosti. Moss

Hatimaye tumeteremka kwa miguu. Nyumba iko kando ya maporomoko, na kelele za maji hazikomi. Ilikuwa makazi ya kiwanda cha chuma cha Moss, kilichotumia nguvu ya mto kufua chuma na kutengeneza mizinga. Baadaye jirani yake kikakaa kiwanda cha karatasi, ambacho kilifungwa mwaka 2012. Dada anasema alipohamia, harufu yake ilikuwa inafika hadi chumbani. Mizinga kwanza, karatasi baadaye. Mahali penyewe pana mpangilio wake.

Mwaka 1814 Christian Frederik alikuwa amekaa ndani ya nyumba hii. Fredrikstad imekwenda, Waswidi wanapanda kando ya Glomma, chakula kinaisha. Karl Johan akatoa masharti kupitia wajumbe wake, Magnus Björnstjerna na Anders Fredrik Skjöldebrand. Upande wa Norwei waliotia saini ni mawaziri Niels Aall na Jonas Collett. Ilikuwa tarehe ya leo, 14 Agosti, na siku hiyohiyo watu walikuwa bado wanapigana kwenye daraja la Kjølberg, karibu na Fredrikstad.

Nimeyasoma masharti jana usiku mpaka saa sita, na nataka kuyaeleza kama nitakavyomweleza yule kijana wa dawati la nyuma. Christian Frederik ataitisha Bunge, kisha ataachia taji na kuondoka nchini. Hilo ndilo alilolitoa. Alichokipata ni hiki: mfalme wa Uswidi anaikubali katiba ya Eidsvoll, na hatapendekeza kubadili humo ila yale yanayolazimishwa na muungano. Na mkataba wa Kiel, ule ulioigawa nchi kama shamba, haukutajwa popote. Kwa kutokutajwa huko, Norwei iliacha kuwa kitu alichopewa mtu. Ikawa nchi inayokubali kuungana, na mwenye kukubali ana cha kudai.

Kwa nini Karl Johan, mwenye watu 45,000 na milango wazi, aliridhia? Hakutaka vita virefu. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wakijiandaa kukutana Vienna kuipanga dunia upya, naye, mtoto wa mwanasheria wa Pau aliyeokota taji, aliogopa kwenda huko na nchi isiyotulia. Na kuna majira ya baridi, na kuna Krebs. Shemeji anaongeza kwamba pia hakupenda kutawala watu wenye kinyongo. Labda. Ile kaulimbiu ya kwenye sanamu sasa naisoma kwa sauti nyingine.

Bunge likakutana Christiania, Oslo ya leo, tarehe 7 Oktoba. Tarehe 10 Christian Frederik akaachia taji, akaondoka Norwei na hakurudi tena kuitawala; miaka 25 baadaye akawa mfalme wa Denmark. Tarehe 20 Bunge likaukubali muungano. Halafu likafanya ujanja mzuri kuliko yote niliyokutana nayo katika historia ya nchi ndogo: kwanza likairekebisha katiba, likaipitisha tarehe 4 Novemba, na siku hiyo ndipo likamchagua Karl XIII kuwa mfalme wa Norwei. Likamchagua. Mfalme akaingia nyumba ambayo imeshajengwa, na funguo ziko kwa wenye nyumba. Mwaka 1905 walipotaka kutoka, walitoka kwa mlango uleule.

Nimewakumbuka watu wawili nikiwa pale majini. Wa kwanza ni Wedel Jarlsberg, aliyetaka muungano tangu mwanzo na kutukanwa, na muungano ukaja. Wa pili ni Falsen, aliyekataa, na katiba yake ikabaki. Katiba ile, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo inayotumika Norwei hadi leo, na 17 Mei ndiyo sikukuu kubwa ya taifa, watoto wakiandamana na bendera.

Dada alikuwa ameinama, anatia mkono kwenye maji. Shemeji akanigeukia. Aliuliza kwa upole, kama mtu aliyelishikilia swali wiki nzima: "Na ninyi, shemeji? Mlipoungana, mlibaki na nini?"

Nikaanza kumjibu: bendera, baraza la wawakilishi, rais wetu. Dada akainuka akasema hapana, anza na Hati za Muungano, Aprili 22, zina mambo 11, usiruke. Nikamwambia dada, mambo 11 ya mwanzo au yale yaliyoongezeka baadaye? Akaniambia ndiyo hapo. Tukapandisha mlima tukibishana kwa Kiswahili cha haraka, mkono wake wenye maji ukinirushia matone kila akikazia neno. Shemeji alikuwa nyuma yetu, hatufahamu tena, na tulifika mlangoni jua bado halijazama.